Kodi ni ya Kampala, shida iko Masafu: Mwananchi aanzie wapi?

WATU wa Masafu wanazijua kodi za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya karibu, yaani ushuru wa soko na leseni ya biashara. Mtu akiona ametozwa kupita kiasi anamjua wa kumwendea. Atamkuta sokoni, kanisani au msibani, na watayazungumza kwa Kisamia mpaka yaishe.

Ya pili ni kodi ya serikali kuu, inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Hii kwa wengi haina uso. Inakuja kwa ujumbe wa simu, au kwa barua pepe ambayo mwenyewe hajui kuifungua. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na siku huwa zimeanza kuhesabiwa kabla hajapata wa kumsomea.

Nilikwenda Masafu, mji mdogo wenye hospitali ya wilaya, kusini-magharibi ya mji wa Busia ulio mpakani mwa Uganda na Kenya. Nilikuwa na swali moja tu: mwananchi wa kawaida akipatwa na tatizo la kodi ya serikali kuu, ni msaada gani anaoweza kuupata bila kupanda basi kwenda Kampala?

Nilichokuta ni kwamba msaada upo kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo umetawanyika, na hakuna aliyekaa chini akawaeleza wananchi mlango upi ni wa shida ipi. Anayebisha mlango usio wake hupoteza fedha. Kibaya zaidi, hupoteza siku.

Duka lililofungwa, deni lililobaki

Mama mmoja aliniomba nisimtaje jina. Mwaka 2017 alikuwa na kiduka cha nguo za mitumba. Alipokwenda kutafuta leseni aliambiwa lazima kwanza awe na TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa sheria ya taratibu za kodi, iliyoanza kutumika Julai 2016, inakataza mamlaka ya wilaya kumpa leseni ya biashara mtu asiye na namba hiyo.

Akamwendea kijana wa kibanda cha intaneti. Kijana akamjazia fomu, akaweka anwani ya barua pepe aliyoifungua yeye mwenyewe, na neno la siri akalijua yeye peke yake. Mama akapewa karatasi yenye namba, akalipia, akaenda zake.

Mwaka 2019 mama mkwe wake aliugua. Akafunga duka ili amuuguze. Hakuna aliyemwambia kwamba kufunga mlango wa duka si kufunga jalada la kodi. Kwenye kompyuta za URA aliendelea kuwa mfanyabiashara ambaye haleti hesabu zake za mwaka.

Miaka ilipita. Siku alipotaka kuomba zabuni ya kupeleka unga wa mahindi na maharagwe katika shule moja, alitakiwa kuonyesha hati ya kutodaiwa kodi. Hapo ndipo alipogundua kwamba anadaiwa. Kwa vile hakuleta hesabu, mapato yake yalikadiriwa, na faini ikaongezwa juu yake.

“Nilidhani wamenichanganya na mtu mwingine,” aliniambia. “Mimi nalipaje kodi ya duka ambalo panya tu ndio waliobaki ndani?”

Ndugu msomaji asilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayechelewa kuwasilisha hesabu za kodi hutozwa asilimia 2 ya kodi husika, au pointi 10 za fedha kwa kila mwezi, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Pointi moja ni Sh20,000 za Uganda, kwa hiyo pointi 10 ni Sh200,000. Kwa muuza mitumba wa Masafu, hizo ni fedha za kumfilisi.

Zamani mkadiriaji alikuwa jirani

Wazee wa eneo hili wanakumbuka enzi za kodi ya kichwa, iliyofutwa mwaka 2005. Hiyo ilikusanywa na machifu, na wanaume waliokuwa hawajalipa walikuwa wakilala vichakani kukwepa msako wa alfajiri. Hakuna anayeomba irudi. Lakini ilikuwa na jambo moja: mtu alimjua kwa jina aliyemkadiria.

Na kukadiriwa ndiko kulikoleta balaa. Januari 1960, wilaya ya Bukedi, ambayo Samia-Bugwe ilikuwa sehemu yake, ilikumbwa na ghasia kubwa. Wananchi walilalamika kwamba machifu wanakadiria mali za watu kwa upendeleo na kwa kukomoa. Watu walipoteza maisha, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi.

Leo Bukedi imegawanyika katika wilaya kadhaa. Busia yenyewe ilitengwa na Tororo mwaka 1997. Lakini manung’uniko ya wananchi hayajabadilika sana. Mtu anauliza: nani amesema nina mali kiasi hiki, na nimwambie nani kwamba si kweli? Tofauti ni kwamba leo jibu liko katika sheria, na halihitaji ghasia. Linahitaji karatasi na kalenda.

Siku 45

Kama kuna kitu kimoja cha kukumbuka katika makala haya, basi ni siku 45. Mlipa kodi asiyekubaliana na makadirio ya URA ana siku 45, tangu alipopewa taarifa, kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Aeleze kwa nini hakubali, na aambatanishe ushahidi. Kulalamika kwa mdomo, hata ukilalamika kwa mkubwa, si pingamizi.

Kamishna ana siku 90 za kutoa uamuzi. Siku hizo zikipita bila uamuzi, mlipa kodi anaweza kumwandikia kwamba ameamua kulichukulia pingamizi lake kuwa limekubaliwa. Wengi niliozungumza nao hawakuwahi kusikia kwamba sheria inawapa nguvu hiyo.

Asiporidhika na uamuzi, ana siku 30 za kwenda katika Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Huko sheria inataka kwanza mtu aweke asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu ambayo haina ubishi, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa mtu mdogo huo ni mlima. Ndiyo maana ni heri shida imalizwe chini, kwenye pingamizi, kabla haijapanda ngazi.

Na aliyechelewa je? Mlango haujafungwa kabisa. Sheria inamruhusu kuomba aongezewe muda akiwa na sababu ya msingi, kama vile ugonjwa au kutokuwepo nchini. Aidha anaweza kuomba alipe deni lake kwa awamu. Lakini ni lazima aombe. Anayekaa kimya, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Mlango upi kwa shida ipi

Mlango wa kwanza ni gombolola na mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1. Hawa hawawezi kufuta hata shilingi moja ya kodi ya serikali kuu, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Wanachoweza ni kukupa ushahidi. Barua yenye muhuri, inayosema kwamba duka lako lilifungwa mwezi fulani wa mwaka fulani, ni kitu cha maana kuambatanisha na pingamizi.

Mlango wa pili ni afisa biashara wa wilaya. Huyu kazi yake ni kuwashauri wafanyabiashara na vyama vya ushirika. Anaweza kukusomea barua, kukueleza inadai nini, na kukuelekeza kwa mhusika. Ushauri wake ni kazi anayolipwa mshahara na serikali. Hupaswi kuununua.

Mlango wa tatu ni URA yenyewe. Wengi wanaiogopa, wakidhani ukiingia ofisini hutoki bila kulipa. Ukweli ni kwamba ofisi zake za Busia na Tororo ndizo zenye uwezo wa kubadilisha kilichoandikwa kwenye jalada lako, iwe ni anwani ya barua pepe, namba ya simu au aina ya kodi uliyosajiliwa. Ipo pia simu isiyotozwa, 0800117000. Vilevile URA ina basi la huduma linaloitwa Tujenge, ambalo huzunguka mikoani likiwa ofisi ya magurudumu.

Mlango wa nne ni wakala wa kodi. Sheria inataka wakala awe amesajiliwa, na orodha ya waliosajiliwa hutangazwa. Kabla hujampa mtu fedha ili “akushughulikie”, mwulize cheti chake. Kwa shida ndogo huenda humhitaji. Kwa pingamizi la fedha nyingi, ada yake inaweza kuwa nafuu kuliko kukosea.

Mlango wa tano ni kibanda cha intaneti. Sitawabeza vijana hawa. Bila wao watu wengi wasingekuwa na namba ya mlipa kodi kabisa. Lakini kibanda ni mahali pa kupiga chapa, si mahali pa ushauri. Nenda na anwani yako mwenyewe ya barua pepe, hata kama ni ya mwanao, na namba ya simu yako mwenyewe. Neno la siri liandike kwenye daftari lako, usimwachie mtu. Ukiona mtu anataka umpe fedha taslimu akakulipie kodi, ondoka. Kodi za URA hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, PRN, benki au kwa simu, na risiti hubaki kwako.

Ikiwa tatizo ni la mpakani, mambo ni tofauti kidogo. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 24, 2018 na Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa ili asilipe ushuru wa forodha. Cheti hicho hutolewa hapo hapo mpakani. Hii haina maana kwamba kodi nyingine za ndani zimefutwa, lakini inamwondolea mtu sababu ya kupita njia za panya usiku. Kina mama wa mpakani wamejifunza mengi kuhusu haki zao kupitia vyama vyao na mashirika kama EASSI, linalotetea maendeleo ya wanawake katika ukanda huu.

Daftari la Sh70,000

Nilishangaa kuona jinsi watu wanavyoogopa kuandika hesabu. Wengine waliniambia kwamba daftari ni la kumpa mtoza kodi silaha. Viwango vilivyowekwa mwaka 2020 kwa wafanyabiashara wadogo vinaonyesha kinyume chake.

Mwenye mauzo yasiyozidi Sh10 milioni kwa mwaka halipi kodi hiyo ya mapato. Mwenye mauzo kati ya Sh10 milioni na Sh30 milioni, kama hana kumbukumbu za hesabu, hulipa Sh80,000. Akiwa nazo, hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi Sh10 milioni. Chukua mwenye duka anayeuza Sh24 milioni kwa mwaka. Bila daftari atalipa Sh80,000. Akiwa na daftari atalipa Sh56,000.

Ngazi inayofuata, ya kati ya Sh30 milioni na Sh50 milioni, asiye na kumbukumbu hulipa Sh200,000. Mwenye kumbukumbu hulipa Sh80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kilichozidi Sh30 milioni. Anayeuza Sh40 milioni atalipa Sh130,000. Hiyo ni Sh70,000 zilizookolewa na daftari.

Kuna pia wenye vyumba vya kupangisha, ambao ni wengi katika mji wenye hospitali. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya kodi ya nyumba anayopata, lakini ni kwa kile tu kinachozidi Sh2,820,000 kwa mwaka. Mwenye vyumba vitatu vya Sh60,000 kwa mwezi hupata Sh2,160,000 kwa mwaka, kwa hiyo hajafika huko. Mtu asiyelijua hili huingiwa na hofu bure, na hofu ndiyo inayowalisha matapeli.

Mauzo ya namna hii yako mbali na Sh150 milioni kwa mwaka, kiwango kinachomlazimu mtu kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Waliogongana sana na serikali kuhusu kodi hiyo ni wafanyabiashara wa mijini. Aprili 2024 wale wa Kampala walifunga maduka wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, na serikali ikakaa nao mezani. Mwenye kiduka wa Masafu akifunga duka, hakuna Kampala atakayejua. Kwake yeye njia ya kusikilizwa ni hiyo ya karatasi.

Wenzetu wanafanyaje?

Ng’ambo ya mpaka, upande wa Kenya, serikali ilianzisha vituo vya Huduma mwaka 2013. Mtu huingia jengo moja, akakuta meza ya kitambulisho, na meza ya mamlaka ya kodi ya KRA. Malalamiko bado yapo, na vibanda vya intaneti bado hujaa ifikapo mwisho wa Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu. Lakini angalau raia anajua jengo ni lipi.

Uganda nayo ilianza njia hiyo mwaka 2013 kwa mpango wa kupanua daftari la walipa kodi, uliowaweka URA, wasajili wa biashara na mamlaka za miji chini ya paa moja katika baadhi ya miji. Wazo lilikuwa zuri. Lakini lilisukumwa zaidi na haja ya kusajili watu wapya kuliko kuwasaidia wale waliokwisha sajiliwa na kukwama.

Marekani, ambako kodi ya serikali kuu huwasumbua watu pia, kuna ofisi ya mtetezi wa mlipa kodi ndani ya mamlaka yenyewe ya kodi. Sheria inataka kila jimbo liwe na angalau mtetezi mmoja. Isitoshe, tangu mwaka 1969 watu wa kujitolea, baada ya kufundishwa, huwajazia wananchi wa kipato cha chini fomu zao bila malipo, katika maktaba na kumbi za mitaa.

Hilo la pili halihitaji utajiri wa Marekani. Masafu ina walimu, ina wahasibu, na ina vijana waliomaliza chuo. URA ikiwafundisha wachache, na gombolola ikitoa meza moja na siku moja kila mwezi, wananchi wengi wangepona kabla ugonjwa haujakomaa. Serikali haitapoteza kitu. Anayesaidiwa kuleta hesabu zake hulipa, anayeogopa hujificha.

Haja hiyo inazidi kuwa kubwa. Mwaka 2025 sheria ilibadilishwa ili namba ya kitambulisho cha taifa itumike kama namba ya mlipa kodi. Maana yake ni kwamba kodi sasa haikai tena kwenye karatasi iliyosahaulika kabatini. Inakufuata popote unapoonyesha kitambulisho.

Alikofikia mama wa mitumba

Yule mama hakupata wakili, wala hakwenda Kampala. Afisa mmoja wa wilaya alimsomea barua na kumwambia aanze na ushahidi. Akapata barua ya LC1 kuhusu kufungwa kwa duka. Akatafuta karatasi za hospitali zinazoonyesha muda aliokuwa akiuguza. Akaenda Busia mjini, ambako barua pepe ya yule kijana iliondolewa, ikawekwa ya binti yake. Akaomba aongezewe muda wa kuweka pingamizi, akapeleka hesabu za miaka yote, ikiwamo ile ambayo hakuuza kitu, na akaomba usajili wa biashara ile ufungwe.

Makadirio yalishuka. Hayakufutika yote, kwa sababu miaka miwili ya mwanzo alikuwa akiuza kweli bila kupeleka hesabu. Kilichobaki aliomba kukilipa kwa awamu, na nilipoonana naye alikuwa amebakiza awamu mbili. Zabuni ya mwaka ule ilikwenda kwa mwingine. Anangoja ya mwaka ujao.

Ikumbukwe pia kwamba serikali yenyewe hutoa nafuu mara kwa mara. Mwaka 2023, kwa mfano, Bunge la Uganda lilipitisha msamaha wa riba na faini kwa madeni yaliyokuwepo hadi Juni 30 mwaka huo, kwa sharti kwamba mdaiwa alipe kodi ya msingi kufikia Desemba 31, 2023. Nafuu ya namna hiyo imetolewa tena baadaye. Inamfaa tu yule anayejua kwamba anadaiwa.

Kwa hiyo, msomaji uliyesajiliwa zamani kwa ajili ya leseni, mkopo au zabuni, usingoje barua. Uliza wiki hii jalada lako linasemaje. Kama ulifunga biashara, litangaze hilo kwa maandishi. Na kama ujumbe umeshafika kwenye simu yako, uandike kwenye kalenda siku ulipoingia, kisha hesabu 45.